Ajali ya Dereva Wetu

Siku binti alipopata leseni, alirudi nyumbani akamkuta baba yake, fundi vioo, ameegesha pikapu huku gurudumu moja likiwa juu ya maua ya jirani. Baba alikuwa na mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili, na kwa muda mrefu alikuwa akiendesha kwa mazoea. Binti akamwomba funguo, akaliteremsha gari kutoka kwenye maua na kulirudisha kinyumenyume mpaka ndani ya karakana. Nyuma kulikuwa na vioo vilivyosimamishwa wima kwenye fremu ya mbao, vimetenganishwa kwa mablanketi makuukuu. Hakuna hata kimoja kilicholia.

Fundi vioo hampimi dereva kwa macho. Kioo kinachoendeshwa vibaya hulia kidogo kabla ya kupasuka, na anayeijua kazi hukisikia. Baba alisimama mlangoni, shingo kaipinda, akasikia kimya kitupu. Tangu jioni ile hakuna aliyemwita binti kwa jina lake. Mama alimwita Dereva, na baba naye, hata alipotaka chumvi tu, alisema, "Dereva, hebu nisogezee chumvi."

Na dereva alihitajika kweli. Hospitali iliyokuwa ikijengwa ng'ambo ya mji ilikuwa imewapa kazi ya madirisha yote, na malipo yake yalikuwa na mwenyewe tayari: ni ya kumfanyia baba upasuaji wa macho. Lakini getini pale gari haliingii mpaka dereva awe na bima, na bima ya pikapu ilimhusu baba peke yake. Kwa hiyo baba na binti walikwenda kwa wakala.

Wakala alikuwa kijana mpole mwenye tai fupi. Alianza na habari njema.

"Bima yako imeshuka tena, mzee. Umri unakusaidia."

"Na haya macho?"

"Macho hatuulizi, mzee. Tunauliza umri."

Kisha akataja ada ya binti. Baba aliuliza kama hiyo ni bei ya kununua gari jingine. Wakala akasema hapana, gari lenyewe halifikii hapo.

"Kwani amemgonga nani?"

"Hajamgonga mtu. Ila vijana wa rika lake wamegonga. Unajua tena, samaki mmoja akioza..."

"Huyu si samaki. Ni dereva."

Wakala hakubisha. Yeye mwenyewe alikuwa wa rika lilelile, leseni anayo mfukoni, na kila siku alikuja kazini kwa miguu. Alieleza taratibu kwamba ada ile inalipia ajali ambayo kijana wa umri ule anatarajiwa kuipata.

"Kwa hiyo tunanunua ajali," baba alisema.

"Ukipenda kusema hivyo, mzee, ndiyo."

Waliuza mashine ya kusagia kingo za vioo ili walipe. Mama, ambaye ndiye aliyekuwa akiitumia, alisema atasaga kwa mkono kama zamani. "Mashine tulikuwa nayo miaka yote hiyo," alisema, "na haikuwahi kupata leseni."

Wiki iliyofuata ajali ililetwa. Wanaume wawili wenye ovaroli za kampuni waliishusha kutoka kwenye lori na kuuliza iwekwe wapi. Ilikuwa ajali ya kawaida: kipande cha lami chenye alama nyeusi za breki, bampa lililojikunja, kioo cha mbele kilichopasuka chote bila kuanguka, harufu ya mpira ulioungua, na honi iliyolia yenyewe. Damu haikuwemo. Yenye damu ina ada yake.

Mama aliwaonyesha nafasi kati ya tangi la maji na rundo la vioo vibovu. Jirani mwenye maua alichungulia juu ya ukuta, akasema ya kwake, ya mtoto wake wa pikipiki, iko chini ya ngazi na wanaanikia taulo. Aliwashauri wasiiache karibu na petroli.

Kila asubuhi binti alipotoka na vioo, ajali ilimfuata. Ilikaa nyuma kidogo, kwa mwendo ule wa mtu anayesubiri kuitwa. Binti aliitazama kwenye kioo cha pembeni kama anavyotazama gari lolote, kisha akaendelea na kazi. Aliendesha kama vioo vinavyotaka: breki huanza mapema na kuisha taratibu, kona haikatwi bali inazungukwa, na tuta hupandwa kwa heshima. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na ajali nayo ililelewa hivyo. Baada ya miezi michache ilikuwa ikipunguza mwendo kwenye matuta, ikisimama watoto wa shule wavuke, na honi yake ikawa inalia pale tu panapohitajika.

Baba alikaa kiti cha pembeni, sikio nyuma. Siku moja, karibu na hospitali, basi liliwaingilia mbele bila kuashiria. Baba alijikaza kusubiri mlio wa vioo. Haukuja. Pikapu ilikuwa imeshapungua mwendo, ajali imesimama nyuma yao kwa adabu, na basi limeshapita.

"Ulipunguza saa ngapi?" baba aliuliza.

"Kabla hajaingia. Nilimwona anavyojivutavuta."

"Mimi hata na macho yangu mazima, pale vingelia." Akateremsha dirisha, akatoa kichwa na kulipigia kelele basi ambalo hakuliona liko wapi. "Huyu ni binti yangu! Umesikia? Binti yangu huyu!"

Alisikia raha kifuani iliyomfanya apumue vibaya mpaka getini. Binti alimwambia afunge dirisha, vumbi linaingia.

Madirisha ya hospitali yalikwisha kuwekwa yote bila kuvunjika hata moja. Ndipo baba, akiwa hana cha kufanya, alipofanya kosa ambalo fundi vioo peke yake ndiye angelifanya. Hakuweza kuvumilia kioo kilichopasuka kukaa uani kwake. Alikipapasa kile kioo cha ajali kwa vidole, akapima, akakata kipya, mama akampa gundi, naye akakitia. Kilikaa sawasawa. Ajali ikaacha kunuka, na paka akawa analala kwenye lami yake yenye joto.

Mwaka wa bima ulipoisha, wakala alikuja kukagua. Aliizunguka ajali mara mbili.

"Haikutumika?"

"Haikutumika."

"Isipotumika huwa tunaichukua, tunamuuzia mwingine. Lakini hii itabaki kwenu, imebadilishwa kioo."

"Ilikuwa imepasuka," baba alisema.

"Ndivyo ilivyotakiwa iwe, mzee." Wakala alipangusa jasho. "Kijana akibadilisha kioo, kwetu inahesabiwa amegonga. Ada inapanda."

"Mimi sijagonga," binti alisema.

"Najua, dada. Mji mzima unajua."

Aliomba msaada wa kufikishwa barabara kuu, maana jua lilikuwa kali. Binti alimpeleka. Aliposhuka, wakala alisema hakuhisi hata gari lilivyoondoka, na kwamba siku akiweza kujilipia bima angependa kujifunza kwake. Alimpa mkono, akaaga kwa heshima zote. Ada ikabaki palepale ilipopanda. Ya baba ilishuka tena.

Fedha za hospitali zilikuwa mezani. Mama alizisukuma upande wa baba, kwa kuwa zilikuwa za macho. Shule mpya ilikuwa imeshaagiza madirisha, na shule nayo ina geti. Baba alizipapasa, akazisukuma upande wa binti.

"Baba, hizo ni za macho yako."

"Macho yangu yako kwenye usukani. Kalipe."

Binti alilia pale mezani, na hakuna aliyemkataza. Asubuhi alikwenda kulipa.

Ajali ya pili ililetwa kwa lori kubwa zaidi. Wanaume wawili waliishusha, wakarudi kushusha mabaki yake: mti uliolala, nguzo ya taa, na nusu ya ukuta wa mtu. Honi zilikuwa tatu. Majirani walitoka kutazama.

"Kubwa kiasi gani?" baba alimnong'oneza mama.

"Imeziba uani kote."

Baba akafunga vifungo vya koti, akasogea mbele, mkono umetangulia kupapasa hewa.

"Mwenyewe nani?" mmoja wa wanaume aliuliza.

"Ya dereva wetu," baba alisema kwa sauti ya kufika mtaa wa pili. "Ile ya kwanza mwaka mzima hakuigusa. Ndiyo maana safari hii wamemletea saizi yake."

Binti alikuwa amekwisha kufunga vioo vya shule na kuwasha gari.

"Baba, sogea kidogo, nipite."

Baba alisogea, akalitafuta geti kwa mikono, akalishikilia wazi mpaka gari likapita na ajali zote mbili zikatoka nyuma yake.