Mahindi Juu ya Sebule

Mwaka wa 1988 mume wangu, Kiptanui, alikwenda Bungoma kumtazama rafiki yake mgonjwa, akarudi na ugonjwa wake mwenyewe: kuchukia kuta. Ati rafiki yake alikuwa na sebule moja kubwa, ukiketi huku unamwona anayekula kule. Tangu siku hiyo nyumba yetu kijijini Kwanza, ambayo baba yake aliinunua kwa mzungu aliyekuwa akihama, haikumpendeza tena.

"Wakwe wakija Desemba, nusu watakaa sebuleni na nusu chumba cha kulia, kama watu hawajuani," alisema. "Mama Jerop, hiyo si ni aibu?"

Jerop ni binti yetu, alikuwa akifundisha shule ya msingi. Kijana mmoja wa Endebess alikuwa ameleta habari kwamba watu wake watakuja kwa koito, siku ya kukubaliana mahari. Nilimwambia Kiptanui kwamba wakwe hawaji kuhesabu vyumba. Alinicheka.

Julai akamleta fundi Hiram kutoka Lugulu. Hiram aliugonga kwa ngumi ukuta wa kati ya sebule na chumba cha kulia, akapanda darini, akarukaruka juu ya mbao mpaka vumbi likatumwagikia vichwani.

"Si unaona, mzee?" alipaza sauti kutoka juu. "Mimi naruka na hakuna kitu inatingisika. Hii ukuta ni ya kugawa nyumba tu, haibebi kitu."

Bila shaka hakuna kilichotingisika. Ilikuwa Julai, na dari lilikuwa tupu. Kila mavuno tulilijaza magunia mpaka karibu na mabati, kwa sababu ghala letu liliwahi kuvunjwa na wezi. Nilipouliza mahindi yatakaa wapi, wote wawili walijibu palepale pa siku zote, wakaendelea kupima.

Ukuta ukavunjwa. Nisiwe mwongo, sebule ilipendeza. Jerop alitembea katikati akizungusha mikono, akicheka. Kicheko kile bado nakisikia, na sitaki kukisikia.

Novemba mvua ilikataa kwenda. Mahindi yalivunwa yakiwa na unyevu, mazito, na Kiptanui akaamuru yapandishwe. Desemba ilipoingia mlango wa chumba chetu ukaanza kukwama. Dari la sebule likashuka tumbo.

"Baba Jerop, teremsha mahindi."

"Niweke wapi? Nje inyeshewe? Wakwe wakute magunia uwanjani kama soko?"

"Weka hata kitandani kwangu."

"Wakishaenda nitateremsha. Si ni hii Jumamosi tu?"

Jumamosi asubuhi nilikuwa jikoni, kibanda cha nje, nikiandaa vibuyu vya mursik, maziwa ya kuwapokea wageni. Jerop alikuwa sebuleni akitandika vitambaa kwenye viti.

"Mama, hivi vya bluu vitatosha?" aliniita.

Nikamjibu vitatosha. Halafu boriti ikakatika.

Magunia yalipasuka, na mahindi yakishaanguka huwa hayatulii, yanaendelea kumwagika. Tulichimba kwa mikono na sufuria, na kila tulipotoa, mengine yakateremka. Kiptanui aliita jina la Jerop mpaka sauti ikamkauka. Tulipomfikia alikuwa bado ameshika kitambaa.

Wakwe walifika wakiwa wamevaa vizuri. Walitukuta tumeketi kwenye nyasi pamoja naye, tumemfunika. Paa na ukuta wa mbele vilikuwa vimeanguka, na kutoka barabarani nyumba yote ilionekana ndani, kuanzia viti mpaka meza ya kulia. Mama wa kijana alivua viatu vyake vipya, akaja kuketi kando yangu.

Miaka mitatu imepita. Kiptanui ameujenga ule ukuta upya, peke yake, tofali baada ya tofali, mpaka urefu wake wa zamani. Juu yake hakuna boriti wala bati. Tunalala kwenye kibanda cha jikoni, na mvua ikinyesha anatoka kwenda kuufunika kwa turubai.

Namchukia. Nasema hivyo bila kuficha, hata yeye anajua. Lakini nyumbani humu tumebaki sisi wawili, na jioni akiniita nikaangalie kama ukuta umenyooka, nakwenda.

"Umenyooka," namwambia, kisha narudi kusonga ugali wa watu wawili.