Mayai ya Ngozi

Librada aliingiza mkono kwenye kiota cha nyasi taratibu, kama mtu anayetafuta sindano iliyoangukia kitandani, na vidole vyake vikagusa kitu cha uvuguvugu kilichobonyea. Akafumba macho. Yaleyale tena. Yai zima, lenye kiini chake na ute wake, lakini ganda hamna. Limevikwa kijingozi tu, cheupe na laini kama ndewe ya sikio la mtoto.

"Lingine?" sauti ikauliza nyuma yake.

Mama mkwe wake, Eufrosina, alikuwa amesimama mlangoni pa banda, shali mabegani, mikono ameifumbata kifuani.

"Lingine, Mama."

"La nani?"

"La Mjane."

Mjane ndiye aliyekuwa kuku wake mweusi, mtagaji ambaye kijiji chote cha San Bartolo kilimjua. Yai lake ulikuwa unaligonga mara mbili kwenye ukingo wa kaango ndipo lipasuke. Leo yai hilohilo lilikuwa limelala kwenye kiganja cha mkwewe limepinda, kama kifuko kilichovuja nusu. Mama huyo akalichukua kwa ncha za vidole, akalitupia mbwa.

Librada alikuwa ameolewa pale baada tu ya mavuno. Mumewe, Cirilo, alikuwa fundi muashi, akifanya kazi ng'ambo ya bonde na kurudi Jumamosi. Wiki nzima nyumba ilikuwa ya wanawake wawili, kuku, na tumbo la Librada ambalo lilikuwa limeanza kusogeza gauni mbele. Na mayai nayo yalianza kuharibika baada ya yeye kuingia. Kwanza maganda yakawa membamba, yanapasuka ukiyashika. Kisha yakawa ya kukwaruza, yana vipele. Halafu ndiyo ikaja hiyo ngozi.

Jirani, Tomasa, alikuwa amekwisha kulitamka, kidevu chake kikiwa juu ya ua wa kakati, mimea ile ya miiba.

"Shoga, mimi sisemi kitu."

"Basi usiseme."

"Lakini mwanamke mwenye mimba jicho lake lina joto, unajua mwenyewe. Akimtazama mtoto mchanga, mtoto halali. Akitazama ua, linanyauka. Sembuse kuku?"

"Tomasa, jicho lako wewe linashinda uani kwangu tangu alfajiri, na kuku hawajafa."

"Mimi sina mimba, shoga. Labda ya miujiza."

Walicheka wote wawili. Lakini neno lilikuwa limeshavuka ua, na lilipovuka halikurudi.

Siku iliyofuata Eufrosina alinunua uzi mwekundu wa kukinga jicho, akawakimbiza kuku uwanja mzima, mmoja baada ya mwingine, manyoya yakipepea na makelele yakifika kanisani, mpaka kila mguu ukafungwa. Kisha akafukiza banda kwa pilipili kavu, kuku wakakohoa kama wazee. Na Librada akapigwa marufuku kuwatazama. Hata mayai sasa akawa anayaokota Eufrosina mwenyewe.

Mayai yakazidi kuwa mabaya. Siku nyingine yalikutwa yameangushwa chini ya kijiti wanacholalia kuku, yamesambaa, kwa sababu kuku aliyeshtuka hulitupa yai kabla halijawa tayari. Lakini hilo hakuna aliyelifikiria wakati ule.

Ndipo akaitwa Bi Casilda, mganga wa kupangusa watu kwa yai. Kazi yake ilijulikana: yai bichi hupitishwa mwilini, toka utosini hadi miguuni, huku anaomba, kisha linapasuliwa ndani ya glasi ya maji, na katika ute anasoma kilichomo mwilini mwa mtu. Sharti lilikuwa moja. Yai litoke katika uwanja wa nyumba hiyohiyo.

Eufrosina akachagua lililokuwa afadhali kuliko yote. Librada akasimama katikati ya chumba, mikono imelegea. Yai likapita kichwani, likapita mabegani. Bi Casilda alilishika kwa uangalifu, akinong'ona. Lilipofika tumboni, likapasuka.

Halikupasuka kwa kishindo. Lilifumuka tu, polepole, na kiini kikateremka juu ya gauni mpaka kwenye kandambili zake.

Bi Casilda alijifuta mkono kwa aproni, akamtazama Eufrosina, hakumtazama Librada.

"Mimi sijawahi kuona hili," akasema. "Na sitaki kusema lolote."

Basi ikawa imesemwa. Mgeni alipoondoka, Eufrosina alizungumza akiwa amegeukia dirisha.

"Asubuhi ya sikukuu ya Kandelaria Cirilo atakupeleka kwa baba yako."

"Hadi lini, Mama?"

"Hadi ujifungue."

Kwa baba yake kulikuwa na mama wa kambo ambaye siku ya harusi alisema mbele ya wageni kwamba sasa kitanda kimepata nafasi. Na alimjua Benigna wa mtaa wa juu, aliyerudishwa kwao vivyo hivyo, hadi ajifungue. Mtoto wa Benigna sasa anatembea, na mume hajafika hata kumwona. Anayetoka mlango ule na furushi, mlango haumkumbuki.

Jumamosi alimweleza Cirilo. Cirilo alivua kofia, akaizungusha vidoleni.

"Ni muda mfupi tu, mke wangu. Mama akishatulia..."

"Na asipotulia?"

Kofia ikaendelea kuzunguka.

Kwa kuwa alikatazwa kuwatazama kuku, Librada alikuwa akikaa na kigoda chake amelipa banda mgongo, uso kwenye ukuta wa jikoni, akichambua maharage. Alikaa hivyo siku nyingi, akiuona ukuta huo kuliko uso wa mtu yeyote. Na kwa kuwa hakuwa na kingine cha kutazama, siku moja aliuona kweli.

Ukuta ulikuwa umepakwa chokaa. Juu ulikuwa mweupe safi. Lakini chini, usawa wa goti, chokaa ilikuwa imebanduka, ukanda mzima, udongo mwekundu ukichungulia. Akadhani ni mvua. Mara akasikia karibu na mguu wake: ka, ka, ka. Mjane alikuwa amekuja na uzi wake mwekundu mguuni, akidonoa ukuta na kumeza. Akaja pia kuku mwingine, wa kijivu. Ka, ka, ka. Walikuwa wanaila nyumba.

Librada alitazama chini. Pale alipoweka kigoda, ardhi ilikuwa nyeupe-nyeupe, ngumu, lakini imechimbuliwa shimo kama bakuli, alama za kucha kila upande. Akachukua chembe, akaigusisha ulimini. Ikamwasha kidogo. Ladha hiyo aliijua toka utotoni, toka kwenye sufuria la bibi yake.

Akainuka, maharage yakamwagika.

"Mama! Mahindi ulikuwa unayaosha wapi?"

Eufrosina alitoka jikoni na kisu cha vitunguu. "Mahindi gani?"

"Ya chapati. Ukishayachemsha kwa chokaa, yale maji ulikuwa unamwaga wapi?"

"Hapo ulipokanyaga. Miaka yote. Kuku walikuwa wananigombania miguuni. Unanihoji kwa nini?"

"Na uliacha lini?"

Eufrosina akakishusha kisu. Kisha akasema, polepole, "Lilipoingia jiko lako."

Jiko la gesi lilikuwa zawadi ya harusi kutoka kwa wasimamizi wa Librada. Ili lipate nafasi, Cirilo alibomoa mafiga ya kuni. Sufuria kubwa la mahindi halikukaa juu ya jiko lile jembamba, na gesi ilionewa uchungu. Tangu hapo chapati zilikuwa zikinunuliwa za mashine, kule kwenye uwanja wa kijiji, zinaletwa zimefungwa kitambaani. Chokaa haikuchemshwa tena katika nyumba ile. Kuku walibaki na mahindi makavu.

"Basi si jicho, Mama," Librada akasema. "Ni jiko."

"Usinichezee maneno, binti."

"Ganda la yai linatoka wapi? Kuku halinunui dukani. Angalia ukuta wako!"

Eufrosina aliinama, akapitisha kidole kwenye ule ukanda uliodonolewa. Halafu akaingia ndani kwa haraka, akatoka na ngumi imejaa unga wa chokaa, mkono umeinuliwa tayari kuurusha.

"Siyo hivyo!" Librada akamdaka mkono. Hakuwahi kumshika kabla. "Kavu itawaunguza koo, na macho. Tuwape maganda. Yale ya kapuni."

"Maganda ya Karnivali?"

Kapu lilikuwa limening'inia darini. Mwaka mzima Eufrosina alikuwa akitoboa mayai juu tu, akiyaosha maganda na kuyahifadhi, ili yapakwe rangi, yajazwe vikaratasi, na siku ya sherehe wajukuu waje kuyavunjia vichwani mwa watu kwa vicheko. Nyumba zote za kijiji zilifanya hivyo. Hakuna ganda lililorudi kwa kuku.

"Wajukuu wangu nitawaambia nini?"

"Mama, tunawavunjia watu kichwani kitu ambacho kuku anakidai."

Wakatazamana. Eufrosina ndiye aliyekwepesha macho kwanza.

"Hadi Kandelaria," akasema. "Yai la asubuhi hiyo likiwa la ngozi, unapanda basi. Sitaki kilio."

Akalishusha kapu mwenyewe.

Walikausha maganda kwenye kaango la udongo mpaka yakanukia, wakayaponda juu ya jiwe mpaka yakawa kama mchanga. Librada hakuacha hata kipande kikubwa, maana kuku akilitambua ganda anajifunza kula mayai yake. Hakuyachanganya na chakula. Aliyaweka kwenye kigae cha peke yake, kila kuku ajipimie, na wale vifaranga ambao hawajaanza kutaga wasilazimishwe. Akawakata nyuzi miguuni jioni wakiwa wametulia, bila kumkimbiza yeyote. Maji akayasogeza kivulini. Akapanga mawe matatu uani, akachemsha mahindi kwa chokaa kama bibi yake, na maji yale yalipopoa akayamwaga mahali pa zamani. Tope jeupe lilipokauka, kuku wakalivamia hata wakakanyagana.

"Sasa umewageuza waashi," Tomasa akasema juu ya ua.

Librada akawaongezea maganda kigaeni.

Siku ya kwanza yai la ngozi. Ya pili ngozi. Kisha likaja moja la vipele. Yule wa kijivu akataga jembamba, likapasuka mkononi mwa Eufrosina, naye akapangusa kiganja. Mjane hakutaga kabisa.

Asubuhi ya Kandelaria tamale za unga wa mahindi zilikuwa zinatoa mvuke ndani ya majani yake, kengele za kanisa zinalia, na Cirilo alikuwa mlangoni na furushi la mkewe begani, macho kwenye viatu. Basi lilisikika likipiga honi chini kwenye daraja.

Mjane alikuwa kiotani. Alikuwa ameingia mapema, na hakutoka.

"Mama," Cirilo akasema, "basi halingoji."

"Nyamaza."

Honi ikalia tena, karibu zaidi. Librada alikuwa amesimama kati ya mlango na banda, mkono tumboni. Hakutazama bandani. Alitazama ukuta.

Mjane akapiga kelele za ushindi. Eufrosina akaingia, akainama, shali ikamdondoka mabegani asiiokote. Akatoka na kitu amekifumba kwa mikono miwili. Akasogea kwenye ndoo ya bati na kukigonga kwenye ukingo.

Ko.

Akagonga tena, kwa nguvu zaidi. Ko. Halikupasuka.

Basi likasimama mbele ya nyumba. Dereva akaita. Eufrosina alikaa akiligeuza yai vidoleni, akiliweka sikioni, akiliinua juani. Mwishowe akalisogeza shavuni kwake, likiwa bado na joto.

"Mama, basi..."

"Liende na wenye safari!" Akamgeukia Librada. "Na wewe umesimama nini kama mgeni wa harusi? Mahindi yako yanachemka. Nani atawamwagia kuku maji ya chokaa, mimi na mgongo huu?"

Cirilo akaliteremsha furushi, kwa uangalifu mkubwa, kama limebeba mayai.

Kidevu kikatokea juu ya kakati. "Shoga, limekuwaje?"

"Gumu, Tomasa," Eufrosina akajibu. "Njoo ulione. Ila uje umefumba jicho moja."