Kapasita ya Njano

"Hakuna punje ya mpunga Mpimbwe nzima iliyowahi kukidanganya kipimo changu," alisema Isidori, mguu mmoja juu ya gunia, kama mwindaji anayepigwa picha na nyati aliyemkuta amekufa.

Wabeba magunia waliangaliana. Mmoja akajikohoza, na kikohozi chenyewe kilikuwa na meno.

Hapa Usevya kila mtu anaukumbuka msimu uliopita. Isidori, fundi redio wa Mpanda, alikuja na kipimo cha unyevu alichokiunda mwenyewe: kopo la kuhifadhia chakula, mfuniko unaoonyesha ndani, kioo kidogo cha namba pembeni, na misumari miwili ya kuchoma kwenye mpunga. Akakichomeka kwenye magunia ya Bibi Gaudensia. Kumi na tisa. Ghala la kikundi cha wakulima linapokea unyevu wa asilimia kumi na nne kushuka chini. Bibi, aliyeanika siku sita, akarudishwa uwanjani kuanika tena, na alasiri ileile mvua ikashuka. Mpunga ukaota kabla ya kuliwa.

Jina la Fundi Mvua lilitungwa siku hiyo. Alilitunga Elias, kijana wa chuo cha ufundi, mbele ya mkutano, mkononi ameshika kipimo chake kinachosoma sawasawa. Jina likapanda bodaboda, likamtangulia mwenyewe Mpanda. Wateja wakileta redio waliuliza kama waje na miavuli. Isidori alicheka nao kwa midomo. Tumboni aliwasha jiko, akalipepea mwaka mzima.

Leo kikundi kilikuwa kinachagua kipimo kimoja cha kudumu.

Saa sita watu wakaenda kula. Elias alikuwa anabadilisha betri. Njaa ikamwita, akakiacha kipimo mezani kikiwa wazi. Bibi Gaudensia alilala juu ya magunia yake, kitenge usoni. Isidori akasogea na koleo dogo. Alikuja kukata waya, waya wowote, bora Elias aaibike.

Koleo likasimama hewani.

Vipimo vilikuwa mapacha. Chipu ileile, rezista ileile kubwa, misumari ileile. Tofauti ilikuwa moja tu: kapasita ya njano, kidude cha kutunza umeme, ndogo kama punje ya dengu, kati ya mguu wa chipu unaopima na waya wa hasi.

Akaelewa palepale, na kuelewa kwenyewe kukamuuma. Chipu hupima kwa kuchota. Ndani ina kikombe kidogo: kinachota kwanza umeme wa betri kujua kama betri ni nzima, halafu kinahamia kwa mpunga. Sasa mpunga mkavu hutoa umeme kama bahili anavyotoa sadaka, tone moja huku anakuangalia. Zamu yake inakwisha kikombe bado kina masalia ya betri, na chipu inayasoma masalia hayo kama maji. Ndiyo maana mpunga mkavu ulisomeka mbichi. Kapasita ilikuwa mtungi mlangoni: mpunga unaujaza taratibu, kikombe kinakuja kuchota mara moja na kuondoka. Mwaka mzima Isidori alikijaribu kipimo chake kwa kushika misumari na vidole vyenye jasho, na jasho halina ubahili.

Mtu mwingine angeshukuru kwa somo. Isidori akakata.

Kisha akaenda kwenye jiko la mama wa chai, akapasha chuma chake cha kuchomelea kwenye makaa, akaichomea kapasita ndani ya kopo lake mwenyewe. Dakika nane, hazikuzidi. Hakuna aliyemwona. Narudia: hakuna.

Saa nane Elias akachomeka misumari kwenye mpunga wa Bibi Gaudensia.

"Kumi na tisa," alisoma Mzee Masunga, mwenyekiti.

Bibi akatupia punje mbili mdomoni. Ziliita *ta, ta*. "Nimebakiza meno manne, na yote yanasema umekauka."

"Ngoja nirudie, bibi," alisema Elias. Akarudia. Kumi na tisa. Akafuta misumari kwa shati, akarudia tena. Kumi na tisa, na jasho juu.

"Pole, mdogo wangu," alisema Isidori. "Labda wingu limepita. Sasa na wewe tukuite nani? Mzee Masika?"

Kicheko kikahama upande. Isidori akasogea taratibu, akamwaga punje za gunia lilelile kwenye bakuli, akachomeka misumari yake.

"Kumi na tatu," alisoma Mzee Masunga, na sauti yake ikapanda.

Magunia yakaanza kubebwa. Isidori akageuka kuutazama uso alioungoja mwaka mzima. Elias alikuwa anageuzageuza kipimo chake kama mtoto aliyeangusha yai.

"Sijui nimekosea wapi, kaka," alisema kwa sauti ya chini. "Nifundishe."

"Hayo ni mambo ya chuo," alijibu Isidori. "Mimi fundi wa mtaani tu. Nyie si ndio wataalamu?"

Mzee Masunga akafungua kalamu, akaandika herufi mbili za kwanza za jina la mshindi.

"Mwenyekiti," Bibi Gaudensia aliita kutoka kivulini, "mpunga wangu umeshaingia ghalani?"

"Wote, bibi."

"Hata lile gunia lililoshonwa kwa kamba nyekundu?"

"Hata hilo."

"Basi sasa naweza kusema." Akajifunga kitenge vizuri, hana haraka. "Isidori baba, hiki kitenge changu ni kikuukuu. Kina matundu. Kile kidude cha njano ulichomkatia mwenzio mchana, ndicho hicho ninachokiona ndani ya kopo lako?"

Kalamu ikasimama. Elias akainama juu ya mfuniko, Mzee Masunga naye akainama, wabeba magunia wakaja na vumbi lao. Isidori akatandaza kiganja juu ya mfuniko, vidole vyote vitano. Misumari ilikuwa bado kwenye bakuli, na kioo cha pembeni kikaendelea kusoma: kumi na tatu, kumi na tatu, kumi na tatu.