Nyuma ya Mokaya

Mwalimu Joash, kiongozi wa kwaya ya Waadventista pale Awendo, alikuwa na ugonjwa mmoja: kila video ya kwaya iliyompendeza, lazima amtumie Scovia kwenye simu. "Angalia huyu vile amezungusha kamera!" Kwaya ilikuwa imempa Scovia kazi ya kupiga video yao mpya, yake ya kwanza maishani, na kwa wiki mbili msichana akazisoma video za watu kama mwenye mtihani kesho.

Alisimamisha, akarudisha, akaandika daftarini. Aligundua kwamba kwaya nyingi hupenda kuimba mbele ya maua ya hoteli ambako hazijawahi kulala, au kando ya gari lisilo lao, Mungu azisamehe. Katika video moja kutoka Isebania, kamera iliteleza mbele ya waimbaji kana kwamba imepakwa mafuta. Scovia aliitazama mara kumi na moja ndipo akaona kivuli chini: mpiga picha ameketi juu ya mkokoteni, anasukumwa! Alicheka hadi mama yake akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Mama huyo, Mellen, aliimba sauti ya kwanza katika kwaya hiyo tangu Scovia hajazaliwa. Miaka minne iliyopita alifanyiwa operesheni ya tezi shingoni. Alipona, lakini akabaki na sauti ya kunong'ona tu. Hata hivyo hakuacha kuvaa sare na kusimama na wenzake kila Sabato. Kilichomuuma Scovia ni kwamba katika video tatu za kwaya yao, zote za baada ya operesheni, uso wa mama yake hauonekani hata mara moja. Utaona bega, utaona kiwiko, basi. Aliwalaumu wapiga picha kwa kuwapenda mno wasichana wa mstari wa mbele, akaapa kwamba katika hii ya nne mama ataonekana, liwe liwalo.

Jumatano akazichezesha zile tatu polepole, ajue makosa ya kuepuka. Ndipo alipoona. Kamera haikumwacha mama. Mama ndiye aliyeikimbia kamera. Kila ilipokaribia, alipiga nusu hatua, kwa ustadi wa mwizi wa kuku, akaingia nyuma ya Mokaya, mwimba besi mrefu kama mlingoti wa stima.

Scovia akamfuata jikoni.

"Mama, kwani Mokaya ni ukuta?"

Mellen aliendelea kuchambua chinsaga. "Umeanza kunichunguza?" alinong'ona.

"Nimekuona kwa video zote tatu. Kamera ikikuja, unajificha."

Mama aliweka mboga chini. "Hizo nyimbo walirekodi studio, mimi sikuwa ndani. Sasa nikifungua mdomo kwa video, watu watasema, ona vile Mellen anaimba. Hiyo ni uongo, Scovia. Tena mbele ya Mungu."

"Lakini mama, kwa video kila mtu anafungua mdomo tu! Wimbo inatoka kwa spika."

"Wao wanafuata sauti yao. Mimi nitafuata ya nani?"

Scovia alirudi kwenye daftari lake: kurasa ishirini na tatu za mbinu za watu, na hakuna hata moja iliyomfaa mama yake. Iliuma.

Jumapili wakaenda Homa Bay, kwa kuwa Mwalimu Joash alitaka ziwa lionekane. Mkokoteni waliouazima ulizoea kubeba samaki wa omena, na ulinuka hivyo. Scovia akapanda na kamera, vijana wawili wakasukuma, spika ikawashwa, na kwaya ikaanza kufuatisha wimbo kwa midomo. Walipomfikia Mellen, naye huyo, kaingia nyuma ya Mokaya.

Scovia akainua mkono, mkokoteni ukasimama. Alishuka, akamwendea mama yake.

"Mama, usiimbe."

"Hata siimbi."

"Funga mdomo kabisa. Simama hapa mbele, waangalie wenzako, uwasikilize tu. Hapo hakuna uongo."

"Kusikiliza naweza," Mellen alinong'ona, akatoka nyuma ya Mokaya.

"Scovia, hakuna kwaya nimeona ikifanya hivyo!" alilalamika Mwalimu Joash.

"Hata mimi sijaona, Mwalimu."

Wakaanza upya. Mellen alisimama mdomo umefungwa, akiwatazama mmoja mmoja watu aliosimama nao maisha yake yote. Nao walipoona wanasikilizwa, wakasahau kwamba ni video, wakaimba kwa sauti zao wenyewe mpaka spika ikamezwa. Scovia alimpenda mama yake wakati ule hata akashindwa kuona kama picha iko sawa, macho yalikuwa yamejaa maji.

Wimbo ulipokwisha, Mellen alikuja kuchungulia kioo kidogo cha kamera. Alijiangalia, uso mzima, mara ya kwanza, kisha mara ya pili.

"Rudia hiyo," akanong'ona. "Kola imekaa upande."