Uzi Uliokatwa kwa Jino

Fundi alihisi uzi katikati ya meno ndipo akakumbuka kuwa amekatazwa. Alikuwa amemaliza kushona kifungo cha mwisho kwenye shati la shule. Mkono ulikuwa bado umeshika sindano, na mdomo umeshafanya kazi yake. Mkasi mdogo, aliofungiwa shingoni kwa utepe ili asijisahau, ulikuwa unaning'inia kifuani.

"Vipi?" akauliza wifi yake kutoka kwenye cherehani ya pili.

"Hamna kitu."

Kitu kilikuwepo. Pale mbele, juu, jino lake lililegea miaka miwili mfululizo kwa ugonjwa wa fizi, mwishowe likang'oka. Kwa muda wote huo alicheka akiwa ameziba mdomo kwa kiganja, na wateja wapya wakadhani ana maringo. Daktari wa meno alianza na fizi: akakwangua ukoga uliojificha chini yake, akamfundisha upya kupiga mswaki, kisha akawa anamulika fizi kwa taa ndogo yenye mwanga mwekundu, dakika chache kila alipokwenda. Wifi mtu alikuwa hana mbavu. "Yaani unafunga duka ukamulikwe kinywa? Kuna ufunguo umepotelea humo?"

Fizi zilipoacha kutoa damu, daktari akapandikiza skrubu fupi ndani ya mfupa wa taya, na juu yake akaweka jino la muda, la kuziba pengo tu. "Mfupa ukiishika skrubu, tutaweka jino la kudumu," alisema. "Mpaka siku hiyo, jino hili lisiume kitu. Na uzi ukate kwa mkasi, mama. Nawajua mafundi." Skrubu ikilegea itabidi itolewe, na kazi ianze upya baada ya miezi mingi.

Miezi mitatu ilikuwa imepita. Kipimo kilikuwa leo, saa nane mchana.

Alifika saa saba na nusu. Pale kwenye benchi alilisukuma jino kwa ulimi, akajilaumu, akalisukuma tena. Alipoitwa hakungoja hata kiti kilazwe.

"Daktari, nimeuma uzi. Leo asubuhi. Na kama leo nimeuma bila kujua, sijui ni mara ngapi nimeshafanya hivyo."

Daktari, dada mpole ambaye umri wake ulikuwa sawa na wa binti wa kwanza wa fundi, hakukunja uso. Alivuta kipande cha uzi wa kusafishia meno, akampa. "Nionyeshe unavyofanya. Usiume, peleka mdomoni tu. Usifikiri."

Fundi akapeleka. Daktari akatazama. "Tena." Akapeleka tena. Mara ya tatu daktari akachukua kioo chake kidogo, akainama.

"Mama, unajua unauma uzi kwa jino lipi?"

"Si hili la mbele?"

"Unauma kwa chonge, hili jino lenye ncha la kushoto. Mara zote tatu." Akamwonyesha kwa kioo: kwenye ncha ya chonge palikuwa na mfereji mwembamba, upana wake kama wa uzi. "Huu si wa leo wala wa mwezi huu. Nadhani jino la mbele lilipoanza kulegea, mdomo wako ulihamia upande."

"Mimi sikuwa na habari."

"Mdomo ulikuwa nayo. Lakini tupime, tusikisie."

Akatoa jino la muda, akafunga kijiti kifupi juu ya skrubu, akakisogezea kipimo bila kukigusa. Kipimo kikalia, kikaonyesha namba. Fundi alishika mikono ya kiti kama mtu anayeteremka mlima.

"Sabini na nne." Akapima kwa upande wa pili. "Sabini na tatu. Ingekuwa chini ya sitini ningekwambia urudi ukasubiri. Limeshika, mama. Leo tunachukua vipimo vya jino la kudumu."

Fundi akafungua mdomo tena. Vipimo vilipokwisha na jino la muda kurudishwa, fizi ilikuwa imewaka kidogo kwa kuguswaguswa, na daktari akasema ataimulika mara moja zaidi. Akamvisha miwani ya giza.

"Ni taa hii iliyoniponya?"

"Imesaidia. Inatuliza uvimbe, kidonda kinapata nafuu. Wengine inawasaidia sana, wengine kidogo. Kazi kubwa umefanya wewe na mswaki wako."

Mwanga haukuuma. Ulikuwa na joto dogo tu, kama kitambaa kilichopigwa pasi dakika tano zilizopita. Nyuma ya miwani ile, ambako hakuna aliyemwona, machozi yalimtoka akayaacha yatoke.

Aliporudi dukani, wifi yake alisimamisha cherehani. "Sema basi."

"Limeshika."

Wifi akashusha pumzi ndefu. "Afadhali. Mimi asubuhi nilikuona ukiuma."

"Uliniona ukanyamaza?"

"Ningesema, ungefika kwa daktari umeshazimia. Na ningekukataza mara ngapi? Ukikata kwa mkasi, ncha ya uzi inakuwa safi. Wewe wiki nzima hii unaniachia ncha bapa, zimelowa mate. Mashati ya watu, wifi!"

Fundi akacheka, na mikono yake yote miwili ilibaki juu ya meza. Akamweleza habari ya chonge na mfereji wake.

"Masikini chonge," akasema wifi, akimrushia shati lililobaki. "Limebeba duka zima na hatukulishukuru. Haya, shika mkasi."