Mji Usio na Mlinzi

Kompyuta aliileta mwanangu kutoka Dubai mwaka wa tisini na saba. Niliiweka dukani kwangu Mishomoroni, na wanaume wenye ndevu wakawa wanapanga foleni kucheza mchezo wa vita vya wafalme wa kale. Stadi wao alikuwa Tsuma, fundi wa kupaka rangi. Mwanafunzi wake alikuwa Ngala, na Ngala, Mungu anisamehe, simpendi mpaka leo.

Ngala alikuwa amenunua kiwanja iliposimama nyumba ya Tsuma. Kwetu si ajabu: ardhi ya huyu, nyumba ya yule. Ngala alivitaka vyote viwili. Alishatuma vijana wawatoe, na Dorcas, mke wa Tsuma, akawapokea kwa maji ya moto. Tangu siku hiyo Dorcas hakutoka nyumbani, hata sokoni hakwenda. Lakini Tsuma, kwa wema wake wa kijinga, aliketi bega kwa bega na Ngala akimfunza. Aliamini mtu akicheza nawe hasira zitampungua.

"Usiuchome mji, bwana," alimwambia. "Mji wa majivu haulipi kodi. Wala usipigane na ukuta, utamaliza askari bure. Watoe nje. Peleka mjumbe wa uongo, aseme mfalme wao yu taabani, wote watamkimbilia. Mji usio na mlinzi unaingia tu, bendera inageuka."

"Na ghala?" Ngala aliuliza.

"Ghala huenda na mji."

Ngala alimnunulia soda.

Haikupita wiki, asubuhi moja Ngala akabisha kwa Tsuma, macho mekundu. Alivyoyafikicha anajua mwenyewe. Alisema ametoka Kaloleni, mama yake Tsuma amefariki. Ngala ni Mgiriama kama Tsuma. Alijua kwamba mama akifa habaki mtu nyumbani, na habari kama hiyo haiulizwi mara mbili. Akawapa na pikapu yake iwapeleke.

Walifika wakilia, kama ilivyo desturi, vilio vikianzia njiani. Dorcas alijitupa uani. Mama yake Tsuma, mama Kafedha, akatoka jikoni na mwiko mkononi, akawaona wanawe wanagaragara mchangani, naye akaangua kilio. Alilia sana ndipo akauliza, "Kwani amekufa nani, wanangu?"

Tsuma aliketi chini akashika kichwa. Pikapu ilikuwa imeshaondoka.

Waliporudi jioni, nyumba ilikuwa nzima. Ilikuwa na kufuli jipya, pazia jipya, na watu wageni wakila ugali kwenye sahani za Dorcas. Karatasi za nyumba zilikuwa ndani, kabatini. Ngala alikuwa ameketi barazani.

"Walau nguo za watoto, ndugu yangu," Tsuma aliomba.

"Mwalimu," Ngala alijibu kwa upole, "si ulisema ghala huenda na mji?"

Kuna majirani waliocheka, wallahi. Nilimfukuza Ngala dukani kwangu. Akanunua kompyuta yake mwenyewe.

Mwaka uliofuata mama Kafedha alifariki kweli. Tsuma alileta habari kwenye chumba walichopanga Junda, chumba cha mkeka na sufuria mbili. Dorcas akaketi mlangoni.

"Nenda na watoto, baba Kaviha. Mimi nabaki."

"Ni mama, Dorcas."

"Hata mara ile alikuwa mama."

Tsuma alimzika mamake bila mkewe, na kule Kaloleni hawajamsamehe Dorcas mpaka leo.