Forsadi za Kuvundika

Forsadi ina kikonyo cha kijani, chembamba kama uzi wa kushonea kofia. Asiye na subira hukivuta, tunda likapasuka, maji yote yakamwishia vidoleni. Bi Saleha hakuvuta. Alikaa mkekani, nyumbani kwao Ghulail, mtaa wa Jeddah, sinia mapajani, akavikata kimoja kimoja kwa kimkasi cha kucha.

Forsadi hizo zilitoka Taif, shambani kwa kafili wa mwanawe, mdhamini wake wa kazi. Hamdun, mwanawe huyo, alikuwa dereva katika nyumba kubwa ya kafili huyo, mtaa wa Al-Rawdah. Miaka hii pesa za mafuta zikimiminika, kafili hakauki Riyadh kwa ajili ya kandarasi, na leo alasiri alikuwa akirejea Jeddah na wageni wa huko. Mama wa kafili, Bibi Nura, alikwisha kuionja sharubati ya Bi Saleha, akasema wageni watakunywa hiyo, soda wakanywe kwao.

Ndoo ya leo ilikuwa nyeusi tititi, imechumwa alfajiri. Lakini ile ya kwanza, ya juzi, ilikuja nyekundu na chachu. "Tutazivundika," alisema Bi Saleha, kama watu wavundikavyo embe na ndizi kwao Unguja. Akazitia sufuriani na vikonyo vyake, akafunika, akazungushia blanketi, akaziweka stoo chini ya bati, kwa joto lile la Jeddah!

Sasa mkwewe, Wahida, alirudi kutoka stoo amebeba sufuria, uso umemsawijika.

"Mama, hebu nusa."

Povu jeupe lilikuwa likitokota bila moto. Harufu ikampanda Bi Saleha hadi utosini.

"Ya Latifu! Zimechacha."

"Kuchacha gani, mama? Hii tembo, inalevya!"

"Shusha sauti! Neno hilo halitamkwi hapa."

Mtaa wa pili, mume wa mtu alikutwa na polisi ana mtungi wa zabibu zilizochacha. Hakurudi hata kuchukua makobazi yake mlangoni, na mkewe na watoto wakapandishwa ndege wakarudishwa kwao. Hao walikuwa na kwao. Hamdun alitoka Unguja mgongoni mwa mama yake, mwaka ule wa mapinduzi, sitini na nne, na karatasi aliyonayo duniani ni ikama tu, kibali cha kuishi hapa, na ikama mwenye nayo ni kafili.

"Tumwage chooni," alinong'ona Wahida.

"Maji ya choo chetu yanatokea uchochoroni, na uchochoro unapita msikitini. Unataka wanuse wanaokwenda kuswali?"

"Basi tuinywe?"

"Mshenzi we!"

Honi ikalia nje. "Mama!" sauti ya Hamdun iliita. "Bibi Nura huyo anaingia, anataka kuiona sharubati!"

Wahida aliisukuma sufuria nyuma ya pazia. Bibi Nura akaingia na buibui lake la hariri, mara akasimama, pua juu.

"Eish hada?" aliuliza. Nini hiki?

"Siki, Bibi," Wahida alirukia. "Tumetengeneza siki."

"Siki ya tut, ya forsadi hizi? Mashallah! Nitilieni chupa, jikoni kwangu imekwisha. Leo kuna saladi."

Bi Saleha alishaiona moyoni chupa ile mezani, wageni wa Riyadh wameizunguka, na Hamdun amesimama mlangoni na funguo za gari. Wahida alikuwa ameshaishika chupa.

"Iweke chini, mwanangu," alisema Bi Saleha. Akalivuta pazia. "Bibi, si siki. Nilizivundika ziive, zikaharibika. Kosa langu. Hamdun hajui kitu."

Neno la Kiarabu la kuvundika hakulijua. Akaonyesha kwa mikono: akafunika, akazungushia blanketi, akapapasa.

"Umezilaza?" Bibi Nura alishangaa. "Kama mtoto?"

Bibi Nura aliinama, akanusa, akajiinua. Akautazama mlango, kisha akaenda mwenyewe akautia komeo.

"Nani mwengine amenusa?"

"Hakuna."

"Mwanangu asisikie. Mbele ya wageni hawa atataka aonekane mkali, na akishasema neno mbele za watu hawezi kulirudisha." Alikuwa akinong'ona, na Bi Saleha akatambua kwamba mwanamke huyu naye anaogopa. "Yalla, mnao mchanga?"

Uani kulikuwa na lundo la mchanga wa wajenzi. Wahida alichimba kwa upawa, akamimina, akafukia, akaisuuza sufuria kwa maji ya chumvi. Bi Saleha akatia udi kwenye chetezo, akaupepea moshi chumba kizima.

Komeo likatikiswa.

"Mama? Mbona mmejifungia? Ndege inashuka! Na harufu gani hiyo?"

Wahida aliificha sufuria nyuma ya pazia. Bibi Nura ndiye aliyejibu, kwa ukali wa bosi:

"Udi tu, hakuna kitu! Nenda kasimame kwenye gari!"

Wakazisikia hatua za Hamdun zikienda. Kisha zikasita; udi haukuwa umeifunika harufu yote.